Uzi: Kutojua kunavyowachosha wanafunzi wa vyuo kuliko vitabu vyenyewe

Mshauri wa Vijana (mleta uzi)

Wadau, habari za wakati huu.

Nafanya kazi ya ushauri nasaha kwa wanafunzi wa elimu ya juu, na jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu. Muhula ukikaribia kuisha, vijana wanaokuja kuniona huanza na maneno yaleyale: "Msongo umenizidi, kazi ni nyingi." Tunakaa, tunaziandika hizo kazi moja moja kwenye karatasi, na mara nyingi tunakuta zinawezekana. Kinachoshindikana ni usingizi. Ukiwauliza usiku wanawaza nini, hawataji kurasa walizobakiza. Wanataja maswali ambayo usiku huo hayana wa kuyajibu. Nitafaulu? Msimamizi ataikubali mada yangu? Ada ya muhula ujao itapatikana? Kozi niliyoichagua ndiyo yenyewe? Nikimaliza, kazi ipo?

Hoja yangu ni kwamba mzigo wa masomo huanzisha wasiwasi, lakini kinachoufanya ukae na kuota mizizi ni namna mwanafunzi anavyopambana na kutojua. Tukimwambia "panga ratiba" tukaishia hapo, tumemsaidia mzigo tu.

Msongo huwa na kitu unachoweza kukinyooshea kidole: mtihani wa Jumatatu, ripoti ya kuwasilisha. Mwili unamwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo unaenda mbio, viganja vinalowa, akili inakaza. Ukishawasilisha, hali inashuka. Wasiwasi hauna adabu hiyo. Unawasilisha ripoti saa nane mchana, na saa tisa umeshaanza kujiuliza kama faili ulilotuma ndilo lenyewe au ni lile la zamani.

Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza mwaka 1984 kwamba akili ikikutana na jambo gumu hujiuliza maswali mawili: je, hili linanihatarisha? Na je, nina uwezo gani wa kulikabili? Msongo hutegemea majibu. Ndiyo maana mtihani mmoja huwakuta wawili wa darasa moja, huyu akakosa usingizi na yule akalala. Sasa kutojua huharibu maswali yote mawili kwa pamoja. Huwezi kupima hatari usiyoijua ukubwa, wala kuchagua silaha ya kupambana na kitu ambacho hujui kama kitakuja.

Kuna jaribio la University College London, lilichapishwa mwaka 2016, ambalo huwasimulia wanafunzi mara kwa mara. Washiriki 45 walicheza mchezo wa kompyuta. Mawe yanatokea kwenye skrini, unakisia kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo unapigwa shoti ya umeme mkononi, inauma lakini haidhuru. Uwezekano wa kumkuta nyoka ulikuwa ukibadilika kila mara, na watafiti walipima jasho la ngozi na upana wa mboni za macho. Msongo ulifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Aliyekuwa na hakika kwamba shoti inakuja alikuwa ametulia kuliko yule asiyejua. Mwanafunzi anayesubiri matokeo anaishi kwenye hiyo nusu kwa nusu wiki nzima, pengine mwezi.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia jukwaa: watu hatulingani katika kuvumilia kutojua. Mwaka 1994 watafiti wa Kanada, akiwemo Mark Freeston na Michel Dugas, walitengeneza dodoso la maswali 27 la kupima hali hiyo, na mwaka 2007 likafupishwa kuwa maswali 12. Hilo fupi linaonyesha sura mbili. Wa kwanza anataka kujua kila kitu mapema, anauliza, anahakiki, anakusanya taarifa. Wa pili kutojua kunamgandisha, hashiki kalamu, hafungui barua pepe, hachagui mada. Chuoni tunamwita wa kwanza mwenye bidii na wa pili mvivu, kumbe wote wawili wanakimbia kitu kimoja.

Karibuni tujadili. Wanafunzi hasa, semeni yanayowakuta.

Kurunzi

Dada mleta uzi, umenigusa. Mimi ni mwaka wa tatu na niko kwenye ile sura ya kwanza.

Matokeo ya muhula uliopita yalichelewa. Nikilala simu iko kifuani. Nafungua ukurasa wa matokeo, navuta skrini kwa kidole gumba, kile kiduara kinazunguka, inaandika "hayajatangazwa". Nafunga. Naingia kwenye kundi la darasa, mtu ameandika kwamba amesikia yanatoka leo usiku. Narudi kuvuta skrini. Nikikuta ukurasa haufunguki ndiyo moyo unadunda zaidi, nahisi wanayapandisha sasa hivi. Kunakucha hivyo. Na mchana wake nina kipindi, nakaa tu, sielewi kinachofundishwa.

Kinachoniuma ni kwamba nilifaulu vizuri. Lakini furaha ilidumu kidogo sana, nikahamia kuwazia muhula unaofuata. Ni ugonjwa huu au ndivyo nilivyo?

Mshauri wa Vijana

Kurunzi mdogo wangu, ahsante kwa kufunguka. Angalia unachokieleza. Ukivuta skrini, kwa sekunde kadhaa unapata nafuu: "angalau nimeangalia." Ni kama kujikuna upele, unapata raha kidogo na ngozi inazidi kuwasha. Ubongo unajifunza mambo mawili, kwamba kutojua ni hatari na kwamba kuangalia ndiko kunakuokoa. Kwa hiyo unakudai uangalie tena, kila mara mapema zaidi.

Na hilo la kufaulu halafu usitulie linatokana na hapohapo. Matokeo mazuri yalipofika, akili haikusema "kumbe ningeweza kusubiri bila kuteseka." Ilisema "tumeponea safari hii." Wasiwasi ukapewa sifa ya kazi uliyoifanya wewe kwa kusoma. Kama ni ugonjwa au la nitalirudia, kuna mdau huko chini naona ameuliza jambo linalokaribiana.

Mzee wa Maktaba

Mimi nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi. Sitaki kuonekana mkali, lakini tuseme ukweli. Sisi tulisoma kwa tabu, matokeo tulikuwa tunabandikiwa ukutani baada ya muda mrefu, na hatukujua hata kama tutarudi muhula unaofuata. Hatukuwa na washauri nasaha. Tulivumilia. Naona vijana wa leo wanapewa jina la kitaalamu kwa kila jambo, na jina hilo linawafanya walegee. Subira yavuta heri, huo ndio ushauri tuliopewa na ulitutosha.

Mshauri wa Vijana

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe kwamba kuvumilia kutojua ni nguvu inayojengwa, na ukisoma hadi mwisho wa uzi utaona ndicho ninachowafundisha. Ila nina mambo mawili kwa heshima.

La kwanza, waliosoma nawe wakashindwa hawapo hapa kutusimulia. Aliyeacha chuo katikati kwa sababu alikuwa anatetemeka kila akiingia ukumbi wa mtihani, alionekana tu kwamba hakuwa mtu wa shule. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mkubwa unaoshirikiana na Shirika la Afya Duniani, uliohusisha karibu wanafunzi 14,000 wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu 19 vya nchi 8. Takribani asilimia 35 walionyesha dalili za angalau tatizo moja la kawaida la afya ya akili katika maisha yao. Hao ni zaidi ya mmoja kati ya watatu, na ni wale waliofanikiwa kuingia chuo.

La pili, ile karatasi ya ukutani ilikuwa na faida moja: isipobandikwa, ulikuwa huna cha kuangalia saa saba usiku. Kurunzi anayo mfukoni karatasi inayoweza kubandikwa sekunde yoyote. Subira yake inajaribiwa mara nyingi zaidi kwa siku moja kuliko ya kwetu. Na umri nao una neno lake. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kupima mambo na kujizuia, huendelea kukomaa mpaka miaka ya 20 na kitu. Tunawataka waamue maisha yao yote katika miaka hiyohiyo.

BintiMsomi

Mzee wa Maktaba, mimi ni ile sura ya pili na nataka nieleze inavyokuwa ndani, kwa sababu kwa nje tunaonekana hatujali.

Niliandika rasimu ya sura ya kwanza ya utafiti wangu. Msimamizi alisema nimtumie ikiwa tayari. Sikujua "tayari" kwake ni nini. Kila nikiifungua naona sentensi ambayo huenda haitampendeza. Nabadilisha. Nafunga. Siku zinapita, sasa nina tatizo jipya: nimechelewa, atanionaje? Kwa hiyo naogopa hata kukutana naye njiani. Barua pepe ya kutuma ile rasimu nimeiandika na iko kwenye rasimu za barua pepe mpaka leo, na mistari yake ni minne tu. Wenzangu wananiona niko kwenye simu naangalia video, wanadhani nimepumzika. Sijapumzika hata kidogo. Nikiwa naangalia video ndipo tu sisikii kitu tumboni.

Paza Sauti

Samahani mleta uzi, nakuheshimu lakini naona tunazunguka jambo moja. Mwanafunzi hajui tarehe ya matokeo kwa sababu chuo hakijasema. Hajui "tayari" ni nini kwa sababu msimamizi hakumwambia. Hajui kama ada italipwa kwa sababu majibu ya fedha yanatoka muhula umeshaanza. Halafu anapelekwa kwa mshauri afundishwe kuvumilia. Yaani anayesababisha sintofahamu anaachwa, anayeumia ndiye anayepewa mazoezi. Hapo mimi sikubali.

Mshauri wa Vijana

Paza Sauti, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote kwenye uzi huu, na naiunga mkono.

Kuna kutojua kwa aina mbili, na tukizichanganya tunamwonea mwanafunzi. Upo wasiwasi wa mambo yasiyojulikana na yeyote: atapata kazi gani baada ya miaka miwili, atampenda nani, utafiti wake utaonyesha nini. Huo ni wa kuzoeza moyo. Halafu upo ambao jibu lipo ofisini kwa mtu na hajalitoa. Huo dawa yake ni taarifa. Sitamfundisha mtu kupumua taratibu ilhali barua ya mistari mitatu kutoka ofisi ya taaluma ingemaliza kila kitu.

Wahadhiri mliomo humu, mambo yafuatayo hayana gharama. Tangazeni tarehe ya matokeo, na kama itachelewa semeni itachelewa hadi lini, kwa sababu tarehe ya mbali inayojulikana humtesa mtu kidogo kuliko "hivi karibuni". Toeni vigezo vya kusahihisha pamoja na swali. Msimamizi aseme, "Niletee kurasa tano mbaya Ijumaa," badala ya "ikiwa tayari." Kama BintiMsomi angeambiwa hivyo, leo angekuwa sura ya tatu.

Suala la fedha ndilo linaloniumiza zaidi na ndilo nisilo na ujanja nalo. Mwanafunzi asiyejua kama atafukuzwa kwenye chumba cha mtihani kwa deni hana wasiwasi wa kufikirika. Akili yake inapima hatari ya kweli na inapima sawasawa. Kwa huyo kazi yangu ya kwanza ni kwenda naye ofisi ya fedha, nikae pembeni yake, tupate jibu lililoandikwa. Kupumua kutafuata.

Lakini ndugu yangu, hata chuo kikisafisha kila kitu, bado ule wa aina ya kwanza utabaki. Kijana asipojifunza kuubeba akiwa chuoni, atakutana nao kazini na kwenye ndoa.

Mzee wa Maktaba

Hilo la "kurasa tano mbaya Ijumaa" nimelichukua. Nina wanafunzi ninaowasimamia sasa hivi, nitalitumia.

Tatu Bila

Sawa, tumeelewa tatizo. Sasa tupe namna. Nikiwa nimelala na maswali yamenizunguka, nafanyaje? Na usiseme "usiwaze", maana hilo nimeambiwa na kila mtu.

Mshauri wa Vijana

Sitalisema. Kujikataza kuwaza jambo hulirudisha kwa nguvu zaidi.

Anza kwa kuandika wazo lenyewe kama lilivyo, kwenye karatasi, halafu ujiulize: hili lina hatua ninayoweza kuichukua ndani ya siku mbili tatu? "Sijaelewa mada ya nne" lina hatua. "Itakuwaje nikimaliza nisipate kazi" usiku huu halina. La kwanza liandikie hatua moja ndogo na saa yake, basi, umelimaliza kwa leo. La pili ndilo linalohitaji ustadi mwingine, na wengi wetu hulitendea kama la kwanza. Tunalipangia mipango saa saba usiku, na kila mpango unazaa "je, ikiwa" nyingine.

Kwa hayo ya pili, kuna mbinu ya Thomas Borkovec na wenzake, waliyoijaribu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tenga nusu saa kila siku, mahali pamoja, saa ileile, mbali na kitanda. Hiyo ni saa ya kuhangaika. Wazo likija asubuhi darasani, liandike neno moja na uliambie litasubiri hadi saa kumi na moja jioni. Saa ikifika, kaa uhangaike kwa dhati. Wengi wanaofanya hivi hushangaa wanapoona nusu saa ni ndefu, mawazo yameisha mapema. Wanachojifunza ni kwamba wazo la wasiwasi linaweza kuahirishwa na dunia isianguke.

Lakini kinachogusa mzizi ni majaribio madogo ya kutojua. Hapa nataka niwe wazi, kwa sababu watu hudhani ni kujitosa. Unachagua jambo dogo ambalo kwa kawaida unalihakiki, na unaliacha bila kulihakiki, huku umeandika kabla ni nini unachoogopa kitatokea. Kurunzi, kwako: chagua nyakati mbili za kuangalia matokeo kwa siku, mchana na jioni, na simu ilale chumba kingine au mbali na kitanda. Andika: "Nisipoangalia usiku, nitakosa taarifa muhimu na nitashindwa kulala kabisa." Asubuhi andika kilichotokea. Usiku wa kwanza utakuwa mgumu, sitakudanganya. Wasiwasi utapanda, utafika mahali, halafu utashuka wenyewe bila wewe kuangalia. Hicho kushuka wenyewe ndicho ubongo wako haujawahi kukiona, kwa sababu siku zote unauwahi.

BintiMsomi, kwako jaribio ni ile barua. Isome mara moja, tuma. Kabla ya kutuma andika unachotarajia kujibiwa, neno kwa neno kama unaweza. Akijibu, linganisha. Akikukosoa, utakuwa na jambo lenye hatua. Sasa hivi huna hata hilo.

Msifanye yote kwa pamoja. Jambo moja, wiki moja, mlirudie mpaka lichoshe.

Nuru ya Jioni

Mimi nashukuru kwa mada. Kwangu kinachonisaidia ni sala. Nikishasoma, nafunga daftari, naomba, namkabidhi Mungu kilichobaki. Kuna mhadhiri aliwahi kuniambia hiyo ni kukwepa. Je, ni kweli?

Mshauri wa Vijana

Nuru, angalia mpangilio wako: umesoma kwanza, ukafunga, ukakabidhi. Umefanya lililo mikononi mwako na ukaachilia lisilo mikononi mwako. Sioni kukwepa hapo. Kukwepa kungekuwa kuomba badala ya kufungua daftari, au kuomba tena na tena kwa hofu kwamba ombi la kwanza halikutosha. Hilo la pili likikuanza, zungumza na mtu, kwa sababu hapo wasiwasi umeingia hadi kwenye sala.

Mpiga Kasia

Ushauri mzuri. Nauliza kuhusu kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Bila hivyo siwezi kukesha, na nikivinywa mapigo ya moyo yananiogopesha.

Mshauri wa Vijana

Kafeini huchukua kama saa tano mwilini kupungua nusu, na kwa baadhi ya watu zaidi. Ya saa mbili usiku bado iko nawe saa saba. Na inachofanya kwenye mwili, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, ndicho hichohicho mwili unachofanya ukiwa na hofu. Akili inahisi mapigo, inatafuta sababu, inaikuta mitihani. Acha kunywa kuanzia mchana, upunguze taratibu ili kichwa kisikuume. Pombe nayo, kwa kuwa najua itaulizwa: inalaza haraka na inavunja usingizi wa usiku wa manane, na kesho yake wasiwasi unaamka nao.

Kurunzi

Dada, naomba niongeze swali. Hizi mbinu zikishindikana wakati wa kusubiri? Nimejaribu kujishughulisha, nimejaribu kujiambia nitafeli ili nisishtuke, nimejaribu kufikiria mazuri. Hakuna kilichosaidia.

Mshauri wa Vijana

Hauko peke yako. Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, aliwafuatilia wahitimu wa sheria waliokuwa wakisubiri matokeo ya mtihani wa uwakili wa California, kusubiri kwa takribani miezi minne. Katika matokeo aliyochapisha na wenzake mwaka 2016, mbinu nyingi ambazo watu walizitumia kujipunguzia mateso, zikiwemo hizo zako tatu, hazikuwapunguzia kitu cha maana. Na tena, wale walioteseka wakati wa kusubiri walipokea habari vizuri zaidi zilipokuja, mbaya au nzuri.

Mimi hulichukua hilo kama ruhusa. Kusubiri jambo kubwa kunauma, na mtu anayeumia anaposubiri hajashindwa kitu. Tatizo linaanza pale unapoongeza tabaka la pili: una wasiwasi, halafu una wasiwasi kwa nini una wasiwasi. Hilo la pili ndilo unaloweza kuliacha. Kazi za baadaye za Sweeny zilionyesha kwamba kinachosaidia kidogo ni shughuli inayokumeza mzima hadi usahau saa, na iwe na ugumu wa kutosha. Kuangalia video hakukumezi. Kucheza mpira, kushona, kuandika programu ya kompyuta, kujifunza ala ya muziki, hivyo vinameza.

Tatu Bila

Mimi nina mtihani kesho kutwa na hayo majaribio ya wiki nzima sina muda nayo. Kuna chochote?

Mshauri wa Vijana

Kipo. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha utafiti wao katika jarida la Science. Wanafunzi waliopewa dakika 10 kabla tu ya mtihani kuandika hofu zao kuhusu mtihani huo walifanya vizuri zaidi kuliko wasioandika, na waliofaidika zaidi ni wale wenye hofu kubwa. Maelezo yao ni kwamba hofu hukalia sehemu ya kumbukumbu unayoihitaji kukokotoa na kupanga jibu, na kuiandika huifungulia nafasi. Kwa hiyo fika mapema, usikae na wale wanaoulizana maswali mlangoni, kaa pembeni uandike kila unachoogopa bila kupamba. Chana ukitaka.

Ndani ya chumba, mikono ikitetemeka, pumua pole kama mara sita kwa dakika, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Anza na swali unalolijua hata kama ni la mwisho kwenye karatasi. Usiku wa kuamkia mtihani lala, kwa sababu ulichosoma kinajipanga kwenye kumbukumbu ukiwa usingizini.

Mpiga Kasia

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mtu atajuaje kwamba hii siyo hofu ya kawaida tena, aende kwa mtaalamu?

Mshauri wa Vijana

Nililiahidi kwa Kurunzi, kwa hiyo nalijibu kwa wote wawili.

Kuna dodoso fupi linaloitwa GAD-7, lilitolewa mwaka 2006, lina maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita: kujisikia na wasiwasi au kuwa roho juu, kushindwa kuzuia mawazo ya wasiwasi, kuhangaikia mambo mengi, kushindwa kutulia, kukosa utulivu hadi kukaa kunashindikana, kukasirika upesi, kuhisi kama jambo baya litatokea. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 21. Alama 5 ni wasiwasi mdogo, 10 wa kati, 15 mkali. Ukifika 10 nenda ukaonane na mtu. Dodoso halikupi ugonjwa, linakuambia tu kwamba inafaa uchunguzwe vizuri.

Bila dodoso, angalia maisha. Umeacha kuingia vipindi kwa sababu ya hofu? Umeacha kula au usingizi umekutoka kwa wiki mbili? Umewahi kushikwa ghafla na moyo kwenda mbio, kifua kubana, kuhisi unakufa, halafu ikaisha baada ya dakika kadhaa? Huyo wa mwisho aanze hospitali ili moyo upimwe, kisha aje kwetu. Na yeyote anayefikiria kujidhuru au kwamba bora asingekuwepo, asisubiri miadi wala mwisho wa muhula. Amwambie mtu leo, mwenzake wa chumbani, mzazi, mlezi wa wanafunzi, na aende kituo cha afya akiwa na mtu. Ukiambiwa hivyo na rafiki, usimwache peke yake mkienda kumtafuta msaidizi.

Wengi hawaji kwa sababu hawajui waanzeje kusema. Huhitaji kujua kama unacho au huna ugonjwa, hilo ni letu. Ukifika, sema mambo matatu: kinachokukosesha usingizi, tangu lini, na umeacha kufanya nini kwa sababu yake. Ukishindwa kusema, andika kwenye simu unipe nisome. Wapo wanaofanya hivyo na tunaendelea vizuri tu.